Eli alipomdhania Hana mlevi

Masomo ya juma: 1 Samweli 1:1–18 na 3:1–18

Eli hakuwa kuhani mchanga. Alikuwa ameketi penye mwimo wa mlango wa nyumba ya Mungu kule Shilo, na watu waliopita mbele yake miaka yote hiyo hawahesabiki. Kama yupo aliyestahili kumtambua mwenye huzuni kwa kumtazama tu, basi ni yeye. Siku ile akamtazama mwanamke aliyekuwa akitikisa midomo bila kutoa sauti, akakata shauri: huyu amelewa. Akamkaripia na kumwambia aachane na divai.

Tunapoisoma habari hii kanisani huwa tunakimbilia mwisho wake, mtoto Samweli anapozaliwa, tukapiga makofi. Juma hili naomba tubaki kwenye kosa la Eli. Alikosea akiwa kazini, mahali patakatifu, na uzoefu wake wote ukiwa kichwani. Naona alikosea kwa sababu ya uzoefu huohuo. Watu walikuwa wametoka kula na kunywa karamu ya sadaka, na katika karamu walevi hawakosi. Jicho lililozoea walevi likaona mlevi.

Kabla ya Eli tunakutana na Elkana, mume wa Hana. Alimpenda mkewe, Maandiko hayafichi hilo. Lakini tumhesabie maswali yake: unalia nini, mbona huli, mbona moyo wako una huzuni, na je, mimi si bora kwako kuliko wana kumi? Manne mfululizo, wala hatuambiwi kwamba Hana alijibu hata moja. Swali la mwisho, ukilitazama vizuri, lilimhusu Elkana mwenyewe.

Mbele ya Eli, hata hivyo, Hana hakunyamaza. Alimjibu kwa adabu kwamba hajaonja divai wala kileo, kwamba alikuwa akiimimina roho yake mbele za Bwana, na kwamba asihesabiwe pamoja na wanawake wasiofaa. Hapo Eli anapata sifa ambayo wahubiri tunamnyima. Hakubishana. Hakusema, mama, mimi nimekaa mlangoni hapa tangu hujazaliwa, mlevi namjua. Aligeuza kauli palepale, akamwambia aende kwa amani. Wala hakumchimba shida yake. Soma mstari kwa mstari, uone kama siku ile Eli aliambiwa popote kwamba jambo lenyewe ni utasa. Yule mama akaenda zake, akala chakula, uso wake ukafunguka. Mimba ilikuwa bado.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya swali linaloulizwa na viongozi wa jumuiya ndogondogo pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Wanataka kujua kama katekista, mama mwenyekiti wa jumuiya au kijana wa kwaya anaweza kufundishwa kuwasikiliza watu wenye msongo wa mawazo, kiwewe na huzuni isiyoisha. Na wengine wanauliza juu ya wataalamu wenyewe, wale wanaotibu kwa mazungumzo: wanafunzwaje, na ni kitu gani kinachomfanya mmoja aponye kuliko mwenzake?

Sisi wa Busia na Tororo hatukosi watu wa kusikilizwa. Yuko dereva aliyelala kwenye lori Malaba akingoja karatasi zake, na simu ya nyumbani imemletea habari ambayo hana wa kumwambia ila utingo wake. Yuko mama anayevusha omena, ambayo ng'ambo inaitwa mukene, na mkopo wa kikundi unamsubiri Ijumaa. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe rasmi pale Busia mwezi Februari 2018, mizigo imepita kwa wepesi zaidi. Lakini wapo wanaovuka bila mzigo wa kuonyesha forodhani. Mkazi wa Busia ya Kenya anavuka kwenda kuzungumza na padri au mzee wa Busia ya Uganda kwa kuwa kule hajulikani, na wa Tororo anashuka Malaba kwa sababu hiyohiyo. Siwalaumu. Kiswahili, Kiteso na Kisamia vinafika pande zote mbili, bali umbea wa mtaa haufiki mbali hivyo.

Anapotufikia, anaambiwa nini? Pole. Vumilia. Mwachie Mungu. Wenzako wana makubwa kuliko hayo. Yote yana ukweli ndani yake, na yote hufunga mazungumzo kabla hayajafunguka. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku pasipo neno, na kwa muda huo walikuwa wafariji wazuri kuliko wengi wetu. Walipofumbua vinywa ndipo mambo yakaharibika.

Kufunza watu kazi hii ni jambo la juzijuzi tu. Mwaka 1920 wafuasi wa Sigmund Freud walifungua kliniki mjini Berlin, na chini ya uongozi wa Max Eitingon wakaweka utaratibu wa malezi ambao alama zake zingalipo hata leo. Mwanafunzi asome nadharia. Awatibu wagonjwa chini ya macho ya mkubwa wake. Na yeye mwenyewe akae upande wa mgonjwa, asikilizwe. Sharti hili la tatu linatufaa sana sisi mapadri, maana nasi hatuhesabiwi kuwa waungamishaji wema kama hatuna mtu wa kutuungamisha.

Miaka michache baadaye mchungaji wa Kimarekani, Anton Boisen, ambaye mwaka 1920 alikuwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, alirudi kwenye hospitali za namna hiyo kama mlezi. Mwaka 1925 aliwakusanya wanafunzi wachache wa theolojia katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, wajifunze kutoka kwa wagonjwa kama walivyojifunza kutoka kwa vitabu. Katika malezi ya namna hiyo ikakua desturi ya mwanafunzi kuandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha kuyasoma mbele ya mlezi na wenzake. Ni zoezi la aibu kubwa. Maneno uliyodhani ni ya hekima ukiwa kando ya kitanda, ukiyasoma kwa sauti mbele za watu yanageuka hotuba.

Carl Rogers naye alianzia seminari mjini New York kabla ya kuhamia saikolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaanza kurekodi mazungumzo ya tiba kwenye sahani za santuri, na mwaka 1942 akachapisha mazungumzo yote ya mteja mmoja, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kabla ya hapo ulimwengu ulitegemea masimulizi ya mtaalamu mwenyewe juu ya yale aliyoyafanya chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Siku hizi shahada zipo, na sheria zipo. Makerere inafundisha saikolojia ya kitabibu na ya ushauri nasaha, na Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, ili anayejiita mshauri asajiliwe na bodi. Ni vyema. Vyeti vinamzuia tapeli, na mimi ningependa kuona matapeli wengi zaidi wakizuiwa, wakiwemo wanaojiita manabii na kuwaambia wagonjwa watupe dawa za hospitali. Ila cheti kinasema tu kwamba mtu amepita mlangoni.

Kuishi kwingi kuona mengi, wazee walisema, nasi tunawapima hata wataalamu kwa kipimo hicho: mwenye mvi ndiye anayejua. Mwaka 2016 Simon Goldberg na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wataalamu 170 wa tiba ya mazungumzo nchini Marekani na wagonjwa wao zaidi ya 6,500. Baadhi ya wataalamu hao walifuatiliwa kwa miaka mingi, hadi kufikia 18. Ikaonekana kwamba kwa wastani miaka haikuwaongezea uwezo wa kuponya. Walishuka kidogo, kidogo sana. Wapo waliopanda. Lakini kupanda hakukuja kwa sababu tu kalenda iligeuka.

Na mganga hajigangi. Mwaka 2012 Steven Walfish na wenzake waliwauliza wataalamu 129 wajilinganishe na wenzao wa fani. Kwa wastani kila mmoja alijiona bora kuliko themanini katika mia. Aliyejiweka chini ya wastani hakupatikana hata mmoja. Ndugu, hesabu hiyo haiwezekani hata mbinguni.

Kuna uchunguzi wa mwaka 2005 ambao ndio unaonirudisha kwa Eli. Corinne Hannan, Michael Lambert na wenzao waliwaomba wataalamu wataje, kati ya wateja 550, ni akina nani watakaomaliza tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Waliwataja watatu. Walioharibikiwa walikuwa 40, na katika wale watatu mmoja tu ndiye aliyekuwa miongoni mwao. Hawa hawakuwa watu wazembe. Walijua kwamba wanachunguzwa, tena waliulizwa wazi. Walikaa mlangoni, wakatazama, wasiwaone.

Kwa nini mtu mwenye akili na nia njema asione? Nadhani jibu moja liko Masaka na Rakai. Mwaka 2002 Paul Bolton, Helena Verdeli, Kathleen Clougherty, Myrna Weissman na wenzao, wakishirikiana na World Vision, walijaribu huko tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30 vilivyokuwa vimechoshwa na UKIMWI. Vijiji vingine vilipata vikundi, vingine havikupata, kwa kura. Kabla ya kuanza, watu 86 katika mia upande wa vikundi walikuwa na sonona kamili, na 94 katika mia upande wa pili. Baada ya wiki 16, waliobaki na ugonjwa upande wa vikundi walikuwa asilimia 6.5. Upande wa pili, asilimia 54.7.

Kila anayetaja kazi hiyo hutaja ile 6.5, na ni haki. Mimi nimekaa zaidi na ile 54.7. Maana yake ni kwamba katika vijiji ambavyo havikupata kikundi, karibu watu wanne kati ya kila kumi walitoka katika ugonjwa bila mshauri yeyote. Majirani, wakati, mavuno, sala, sijui. Sasa fikiria katekista anayewatembelea watu kumi kama hao kwa maneno matupu ya vumilia, vumilia. Wanne watapona. Watamshukuru misa ikiisha. Walioharibikiwa watahama, au wataacha kuja, au watavuka mpaka kutafuta mwingine, na hawatamwambia sababu. Baada ya miaka kumi ataamini kwa moyo safi kabisa kwamba ana karama. Nani atamwambia kwamba watu hao wangepona hata kama angebaki nyumbani akivuna mtama wake?

Hana angeweza kuondoka kimya, na Eli angelala akijua kwamba amemfukuza mlevi mmoja zaidi.

Tuwatazame basi waliofanya kazi ile ya Masaka na Rakai. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliomaliza sekondari, wasio na elimu yoyote ya awali ya afya ya akili, na mafunzo yao ya kuanzia yalikuwa ya wiki mbili. Wiki mbili tu! Aliyesikia hapo akakimbilia kuandaa semina yake hajasikia nusu. Kabla ya mafunzo, watafiti walikuwa wamewauliza wanakijiji wenyewe huzuni inaonekanaje kwao na inaletwa na nini. Vikundi vikawa vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao. Tiba iliyotoka New York ikarekebishwa: kwa mfano, kumsema vibaya marehemu ni mwiko, kwa hiyo mfiwa hakuulizwa moja kwa moja kasoro za aliyekufa, bali njia ya upole zaidi ikatafutwa. Kila wiki kikundi kilikutana, na kila mkutano mtu alieleza wiki yake ilivyokwenda na huzuni yake imefikia wapi. Na wale viongozi nao walikuwa na wa kuwaongoza muda wote huo, si wakati wa mafunzo tu.

Karibu zaidi na sisi ni Bungoma, ambako wakazi wa Busia ya Kenya tunahesabiwa kijimbo. Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao walifanya kazi huko na Moshi, Tanzania, pamoja na watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walezi wa vikundi walikuwa watu wa kawaida wasio na taaluma hiyo. Watoto walikutana mara 12, na waliokuwa wakiwalea walikuwa na kikundi chao pembeni. Katika maeneo matatu kati ya manne, yakiwemo yote mawili ya Kenya, watoto hao walipungukiwa na kiwewe kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Moshi mjini tofauti hiyo haikuonekana. Napenda kwamba waliitaja Moshi mjini. Baadaye kazi ikafika kwa walimu wa shule na wahudumu wa afya ya jamii wa Bungoma, na waliowafunza na kuwasimamia ni washauri wa kawaida waliokuwa wamezoea kazi ile. Kila wiki walikaa chini na kupitia: ulifanya nini, mtoto alisemaje, ulikwama wapi, hebu tuigize, mimi niwe mtoto.

Hapo kwenye kuigiza ndipo penye siri, kama siri ipo. Wanakwaya wananielewa. Kwaya inayoimba wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho kila mazoezi itabaki na kosa lilelile la sauti ya pili mpaka Pasaka ya mwaka ujao. Mwalimu anayejua kazi anasimamisha penye kosa, anarudia mstari ule mmoja mara kumi na mbili, alto wanakasirika, kisha wanaendelea. Mwaka 2015 Daryl Chow, Scott Miller na wenzao, katika uchunguzi mdogo wa wataalamu wachache, waliona kwamba waliokuwa wakiponya zaidi ndio waliotumia saa nyingi zaidi peke yao wakirudia sehemu zilizowashinda. Uchunguzi mdogo ni mdogo, lakini unalingana na yale tunayoyajua kuhusu wapiga vinanda na wacheza mpira.

Tororo nayo ina historia yake, ambayo vijana wengi hawaijui. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo hospitali ya Mulago, alimpoteza mumewe Christopher kwa UKIMWI mapema mwaka 1987. Mwaka huohuo yeye na wenzake, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe, walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Ushauri nasaha ulikuwa kazi yao ya kwanza kwa sababu dawa hazikuwepo. Kilichokuwepo ni mtu kukaa na mtu. Kituo cha TASO kilifika Tororo, na kuanzia mwaka 2003 wagonjwa wake katika wilaya za Tororo na Busia ya Uganda waliingizwa katika mradi wa kutibiwa nyumbani. Wahudumu waliofunzwa, wasio madaktari wala wauguzi, walipita kwa pikipiki kila wiki, boma hadi boma, wakipeleka dawa na kuuliza maswali yaleyale kutoka kwenye karatasi ileile.

Karatasi ile wengi wataiona baridi. Mtu anakufa, wewe unauliza swali la saba? Lakini karatasi haina jicho la Eli. Haimdhanii mtu. Inamuuliza mama wa Osukuru na mzee wa Masafu jambo lilelile, na wiki ijayo inauliza tena, ili anayezidi kuumwa aonekane kabla hajatoweka. Ndivyo Lambert na wenzake walivyopendekeza kwa tiba ya mazungumzo: mteja ajaze maswali machache kabla ya kila kikao, na mtaalamu ayaone majibu hayo mapema, hasa yanayosema kwamba mambo hayaendi.

Tuje sura ya tatu. Macho ya Eli yamefifia, na sasa ana kijana wa kumlea. Samweli anaitwa usiku, anakimbilia kwa Eli. Mara ya kwanza Eli anamrudisha kulala. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ndipo mzee anapotambua. Ona alivyofanya: hakuamka kwenda mwenyewe kusikiliza kwa niaba ya kijana. Alimpa neno la kusema, akamrudisha mahali pake. Msimamizi mwema hamnyang'anyi mwanafunzi kazi.

Asubuhi Samweli aliogopa kusema aliyoyasikia, maana yalikuwa juu ya nyumba ya Eli. Mzee akambana asifiche hata moja. Akaambiwa yote, na akayapokea. Hadi hapo ni mlezi wa kupigiwa mfano. Lakini Eli alikuwa ameshaletewa habari za uovu wa wanawe makuhani kabla ya usiku ule, na watu wote walikuwa wakizisema, na alichofanya ni kuwakemea tu, akawaacha kwenye kazi yao. Kusikia alisikia. Nimeona ofisi zenye fomu za maoni zilizojazwa vizuri, zikapangwa kwenye faili, faili ikafungiwa kabatini.

Kwa hiyo nawajibu viongozi wa jumuiya. Ndiyo, katekista anaweza kufundishwa, na mama mwenyekiti pia. Semina ya siku tatu yenye fulana, chakula cha mchana na cheti haitoshi, na bila msimamizi naona ina hatari, kwa sababu inampa mtu ujasiri bila kumpa wa kumsahihisha. Afadhali watu wanne waliofunzwa taratibu na kukutana na msimamizi kila wiki kuliko arobaini wenye vyeti.

Kitubio kikae kando. Siri ya maungamo haina msimamizi, haina igizo, haina karatasi, na hakuna padri atakayeifikisha kwenye meza yoyote. Ushauri ni meza nyingine, na anayekuja kwenye meza hiyo aambiwe tangu mwanzo kwamba msikilizaji wake ana mtu wa kumwongoza, na kwamba jina lake halitatajwa. Katika miji yetu hata kuficha jina hakutoshi. Ukisema mama mjane anayeuza samaki karibu na kituo cha mafuta, mtaa mzima wa Marachi umeshamjua.

Ndiyo maana napendekeza tuutumie mpaka. Wasikilizaji wa Busia ya Kenya wasimamiwe na mtu wa upande wa Tororo, na wa Tororo na Busia ya Uganda wasimamiwe na mtu wa upande wa Kenya, mwenye mafunzo na usajili wa nchi yake. Watu wetu wamekuwa wakivuka kutafuta sikio lisilowajua. Wasikilizaji nao wavuke. Kila msikilizaji, mwisho wa mazungumzo, aulize: je, leo nimekusikia au nimekusikia vibaya? Kisha angoje, kwa maana jibu la kwanza litakuwa la adabu. Atakayeambiwa "umenisikia" na kila mtu, mwezi mzima, msimamizi amwulize vizuri.

Kuna mipaka ya kazi hii pia. Anayesema amechoka kuishi, au aliyeanza kusikia sauti, asiachwe peke yake wala asiombewe tu na kurudishwa nyumbani. Aende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, au Hospitali Kuu ya Tororo, na msikilizaji aende naye na kukaa kwenye benchi mpaka aonwe. Aliye kwenye dawa aendelee na dawa.

Linabaki suala la fedha, ambalo halijaandikwa katika 1 Samweli. Wasikilizaji watajitolea, najua, kwa kuwa watu wetu ni wakarimu kupita uwezo wao. Lakini msimamizi anayevuka kila wiki anahitaji nauli ya matatu au boda kwenda na kurudi, na mama aliyeacha meza yake sokoni saa mbili amepoteza mauzo ya saa mbili. Kamati za fedha za pande zote mbili zikikutana, naziomba ziliandike hilo kwenye bajeti ya mwaka, kwa shilingi ya Kenya na ya Uganda, kabla hatujaanza kuzungumzia rangi ya fulana.